Nilivyoitwa Mama Kitunguu Katika Nchi ya Batini

Katika masomo ya jioni tumefundishwa kwamba mtu akisimulia safari aanze na alichokiona, na anachokifikiri akiweke nyuma. Nitajitahidi. Njia iliyonifikisha Batini siielezi, kwa kuwa sikuiona. Najua tu kwamba nilikuwa nimetoka kukaanga vitunguu vya pilau, nikafunga jikoni, nikajikabidhi kwa Mungu kama nifanyavyo kila nikivuka kizingiti, na nilipoinua uso nilikuwa mbele ya lango.

Batini ni nchi ndogo. Yote nzima imebandikwa ukutani, juu ya mlango wa chumba kimoja, katika nyumba ya mwanamke mwenye mtoto mchanga. Wabatini hawana mashamba, hawana mifugo, hawana bandari. Wana kazi moja tu, nayo ni kumlinda mwanamke huyo na mwanawe dhidi ya mgeni mbaya wa hewani. Wakimtambua, wanapiga kengele. Wasipomtambua, waliomo chumbani hulala na hawaamki. Haya niliambiwa langoni kabla hata sijajuliwa hali, na aliyeniambia alikuwa akitabasamu.

Huyo alikuwa Bwana Staha, Mkalishaji Mkuu wa nchi.

"Karibu, mama. Kaa," akasema, akinionyesha benchi.

"Ahsante, mwanangu. Mimi naitwa..."

"Jina halihitajiki. Kaa tu."

Nikakaa. Nikaruka.

"Bwana Staha! Benchi hili lina moto!"

"Ndiyo, mama. Mabenchi yetu yote yana moto. Kwenu mnasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatuna majembe. Kwa hiyo tunapasha mabenchi. Mgeni anakaa, anatambulika, anainuka mwenyewe, anaaga kwa adabu. Hakuna mgeni aliyewahi kutuchosha."

Nikakunja kanga yangu mara nne, nikaitandika, nikakaa tena. Bwana Staha aliitazama ile kanga kama mtu anayeona sheria ikivunjwa lakini hakumbuki ni kifungu gani.

"Sasa mtanitambuaje bila kuniuliza jina?"

"Jina mtu anaweza kudanganya. Miguu haidanganyi."

"Miguu yangu?"

"Miguu yetu," akasema.

Nilihitaji kuelezwa mara mbili, na msomaji nitamweleza mara moja. Chini ya mabenchi ya Batini kuna korido ndefu, na ndani yake hukimbia matarishi, watu wembamba wasiochoka. Niliuliza wanapeleka nini. Bwana Staha alisema wanapeleka mbio. Juu, kwenye mabenchi, huja kuketi mabinti wa Hewa. Wanaingia mapacha wawili wawili, wameshikana mikono, hawaachani hata kwa dawa; lakini joto la benchi likiwapata wanasukumana, wanatengana, na kila mmoja anaita tarishi apande kutoka koridoni aje ampepee. Ndiyo maana siku za kawaida korido huwa karibu kimya: matarishi wengi wako juu na vipepeo vya ukindu mikononi.

Anapokuja mgeni mwenye njaa ya Hewa, hamsalimii mtu. Anamshika binti mkono, anaondoka naye. Tarishi aliyekuwa akimpepea anatupa kipepeo na kurudi koridoni mbio. Mabinti wengi wakichukuliwa, korido inajaa vishindo. Na mwisho wa korido ameketi Msikilizaji wa Taifa, sikio ukutani. Yeye ndiye humtambua mgeni, ingawa hajawahi kumwona mgeni hata mmoja.

Wakati naelezwa haya, mabinti wawili walikuwa wamekwisha kuondoka na kitu changu kwa namna ambayo sikuielewa, na sauti ya mwanamke ikapaa kutoka chini:

"Vishindo vya wastani! Ama ni kitunguu, ama ni marashi, ama ni spiriti!"

"Chagua moja, Bi Hadhari!" akapaza Bwana Staha.

"Basi kitunguu!"

Bwana Staha akanigeukia kwa heshima zote. "Mama Kitunguu, karibu Batini."

Nilitaka kukataa. Lakini nilinusa kiganja changu, nikaona kwamba serikali ile, kwa kubahatisha, ilikuwa imesema kweli.

Nilimtembelea Bi Hadhari siku iyo hiyo. Alikuwa mwanamke mpana, sikio lake la kulia limekuwa bapa kwa kazi. Chumba chake kilikuwa na vitu viwili: kamba ya kengele, na wavu mdogo ambao ukichungulia unaona chini, ndani ya chumba cha ile nyumba. Nilichungulia. Mtoto alikuwa amelala chali kitandani, ngumi mbili kichwani kama bondia aliyeshinda.

"Anaitwa Nasri," akasema Bi Hadhari. "Majirani wanamwita mama yake Mama Nasri, ndipo nikajua. Jino la kwanza nimeliona mimi kabla ya mama yake."

"Umri wa mjukuu wangu."

"Basi unajua." Akarudisha sikio ukutani. "Mama Kitunguu, mimi simwogopi kitunguu. Simwogopi marashi. Ninayemwogopa ni Kapera wa Mkaa."

Kapera huyu hutoka katika jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Hana harufu, hana rangi, hana kishindo, na wote waliowahi kumpokea wanakiri kwamba ni mpole. Shida yake ni upweke. Alizaliwa akiwa na nusu ya kile alichopaswa kuwa nacho, na kazi yake duniani ni kumtafuta binti wa Hewa amkamilishe. Kwenye benchi la Batini akimpata, wanaoana, wanaondoka wametulia, na tarishi anakimbia kutoa habari. Lakini akikosa benchi hushuka chumbani, akaingia kifuani mwa mtu, akaishika damu na asiiachie, na damu ikasahau ilikuwa imetumwa nini.

"Kwa hiyo vishindo vya Kapera unavijua?"

Bi Hadhari alibana sikio ukutani zaidi. "Vinafanana na vyako," akasema.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa nchi ile. Mama Nasri alipokaanga samaki, kengele ililia. Alipojipulizia marashi kwenda harusini, kengele ililia. Shemeji yake alipokuja kumwamkia akiwa ametokea kilabuni, kengele ililia mpaka shemeji akaapa kuacha, ingawa hakuacha. Kila ilipolia, Mama Nasri alipanda kigodani na kuipiga nchi ya Batini kwa kandambili. Nilikuwapo mara moja. Spika wa Baraza alianguka kitini. Na siku ile Mama Nasri alisema neno ambalo Wabatini wote walilisikia:

"Ikilia tena bure, naing'oa, naitupa shimo la taka. Mungu shahidi."

Baraza likaitishwa. Nilipewa nafasi ya kuhudhuria kama kiungo cha kigeni.

Spika aliitwa Mheshimiwa Utulivu. Alikuwa na shingo fupi na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake. Alifungua kwa kusema kwamba nchi inakabiliwa na adui.

"Makapera!" akapaza mjumbe mmoja.

"Kelele," akasahihisha Spika. "Tangu tuanzishwe, tumetishwa na kelele mara nyingi. Je, Kapera ametuua mara ngapi?"

Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka kuuawa.

"Hata mara moja!" akasema Spika. "Lakini kandambili imetupiga mara ngapi?"

Wajumbe walijipapasa.

Bi Hadhari, aliyekuwa amepewa ruhusa ya kuondoa sikio ukutani kwa muda mfupi, akasimama. "Waheshimiwa, Kapera hajaua kwa sababu tumepiga kengele."

"Bi Hadhari, dada yangu," akasema Spika, "hilo ni dai la mtu mwenye kengele."

Wakacheka, wakapiga meza. Ikapitishwa Sheria ya Kishindo: kengele isipigwe mpaka ukuta wa korido utetemeke. Na wajumbe walipokuwa wakiinuka, Bwana Staha akaomba kumtambulisha mgeni.

Mgeni huyo alikuwa Bwana Mwororo. Alitoka katika mafuta ya nywele ya Mama Nasri, yale ya kung'arisha, naye aling'aa kuanzia utosini hadi kwenye visigino. Alikuwa ameketi benchini tangu asubuhi. Hakugusa binti wa mtu. Hakuita tarishi. Hakulalamikia joto. Koridoni haikusikika hata unyayo.

"Kwa nini hainuki?" niliuliza.

"Anatupenda," akasema Bwana Staha, na machozi yalikuwa yakimlenga. Maisha yake yote alikuwa akiwakalisha watu wanaotaka kuondoka.

Nilimsogelea Bwana Mwororo, nikamwambia shikamoo maana alionekana mtu mzima. Hakuitikia. Nikamgusa bega. Moto wa benchi ulikuwa umemgeuza kioo, na tabasamu lake likiwa ndani. Nyuma yake binti wa Hewa alikuwa bado ameketi, na tarishi akimpepea, kama bidhaa katika kabati la duka.

Nilisema, "Bwana huyu hataondoka tena." Wakadhani nimemsifu. Baraza lilimtunuku Nishani ya Mgeni Bora, na kwa kuwa hakuweza kuinama, Spika alipanda benchi kumvisha.

Ndugu zake wakasikia. Kila Mama Nasri alipofungua chupa ya mafuta walipaa kwa ukoo mzima, wakajipanga mbele ya mabinti, wakatabasamu, wakaganda. Baada ya muda si mrefu ukipita kati ya mabenchi ulikuwa ukipita katika nyumba ya vioo. Wabatini walijitazama humo na kupendezwa. Pilau ilipikwa, kengele haikulia. Shemeji alikuja, kengele haikulia. Spika alitangaza kwamba nchi imefikia amani kamili, na shule zikapewa mapumziko.

Lilibaki benchi moja tu, la mwisho karibu na ngazi ya korido. Lilibaki kwa sababu yangu, na sababu yenyewe haina ushujaa wowote. Hapo ndipo nilipozoea kupiga magoti na rozari yangu, viwiko juu ya kanga. Ndugu wawili wa Bwana Mwororo walitumwa kulikalia. Walikuwa na adabu mno, hawakuweza kumsumbua mtu anayesali, basi wakasimama pembeni kungoja amina.

Mimi sala zangu ni ndefu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema chakula kwetu hubarikiwa mpaka kipoe. Nina wafu wa kuwaombea, nina wanangu na wajukuu, nina mwalimu wetu wa jioni anayekohoa, nina hesabu za sehemu ambazo bado hazijaniingia. Nikimaliza mafungu ya siku naongeza litania. Wale ndugu walingoja, wakang'aa, wakangoja. Bwana Staha alipita akaninong'oneza, "Mama Kitunguu, unachelewesha amani ya nchi." Nikamjibu kwa ishara ya mkono kwamba niko katikati ya Salamu Maria.

Ikaja alasiri ya mvua. Chumbani chini palikuwa na baridi. Tulimwona kwa wavu Mama Nasri akiingiza jiko la mkaa ndani, akifunga dirisha, akisukuma kitambaa chini ya mlango upepo usiingie. Akajilaza kando ya mwanawe. Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Hata Bi Hadhari alitabasamu, kisha akaacha.

Nami nikarudi kwenye magoti yangu, nikiwaombea.

Wakaja. Waliingia lango kuu bila mtu kuwasikia, wanaume safi, kofia mikononi. Bwana Staha aliwaambia kaeni, wakamwambia hatuoni pa kukaa. Walipita benchi baada ya benchi wakigonga vioo kwa kidole. Ndani mabinti wa Hewa waliwapungia. Midomo ilisema maneno, sauti haikutoka. Wengi wao wakageuka kimya kimya na kuanza kushuka kuelekea chumbani.

Mmoja akafika kwangu. "Samahani, mama. Huyu binti hapa ana mchumba?"

Binti aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi langu alijitazama kucha.

"Simjui mimi," nikasema. "Una nini cha kumpa?"

"Sina kitu, mama. Ndiyo maana."

Wakashikana mikono, wakaondoka wameungana. Tarishi akatupa kipepeo, akashuka ngazi mbio. Tap, tap, tap, mtu mmoja katika korido nzima. Mapacha wengine wa Hewa wakaja kukaa mahali palipoachwa, wakatengana, wakaita matarishi. Akaja Kapera mwingine, akachukua. Tap, tap, tap.

Nikaacha rozari katikati ya fungu. Mungu anisamehe, au labda ndiye aliyeniambia niiache. Nikakimbilia chini.

Bi Hadhari alikuwa tayari na mkono kwenye kamba, na Mheshimiwa Utulivu alikuwa tayari ameushika mkono huo.

"Ukuta hautetemeki," alikuwa akisema Spika. "Uguse mwenyewe. Sheria inasema utetemeke."

"Kuna miguu, Mheshimiwa."

"Ya nani?"

"Inatoka benchi la mwisho."

"Anaketi nani hapo?"

Bi Hadhari akageuka. Akanitazama mimi mlangoni.

"Benchi la Mama Kitunguu!" akasema Spika. "Basi ni kitunguu. Dada yangu, unataka kututupisha shimoni kwa ajili ya kitunguu?"

"Mimi niko hapa," nikasema. "Benchi ni tupu. Na miguu bado inakimbia, sikilizeni."

Tukasikiliza. Tap, tap, tap.

"Mwangwi wa kitunguu," akasema Spika.

"Mheshimiwa, mimi harufu ilinitoka siku nyingi. Hayo mabenchi yenu yamenioka mpaka..."

"Kiserikali wewe ni kitunguu."

Bi Hadhari akanishika bega. "Mwenzangu, niambie kweli, maana mimi sioni, nasikia tu. Nikipiga na ikawa si yeye, Mama Nasri anatutupa, na Nasri atakua bila mlinzi. Ni yeye?"

Nilitamani kumpa jibu la mtu aliyesoma. Nilikuwa nalo la mtu aliyefungua mlango akakuta mgeni. "Alikuja na adabu," nikasema, "hakuwa na harufu, na alisema hana kitu."

Bi Hadhari alichungulia wavu.

"Unaonaje?" akauliza Spika, akichungulia naye. "Si amelala vizuri?"

Nasri alikuwa amelala. Ngumi zake zilikuwa zimefunguka.

Bi Hadhari akavuta kamba kwa uzito wake wote, na Spika akiwa ananing'inia mkononi mwake akawa naye anapiga kengele.

Ililia. Chini, Mama Nasri hakuamka mara moja. Ikaendelea kulia. Akainuka kama mtu anayetoka kisimani, akashika kichwa, akatafuta kandambili kwa mguu, akaikosa. Akapanda kigodani akiyumba. Uso wake ukaja mkubwa kama mawingu. "Si nilisema," akasema, na maneno yalikuwa mazito mdomoni. "Si nilisema mimi."

Akaing'oa Batini ukutani pamoja na misumari yake.

Sitaeleza Baraza lilivyobiringika. Tulipita chumba tukiwa mkononi mwake, tukalia njia nzima. Alikipiga teke kile kitambaa, akafungua mlango ili atutupe shimoni, na mvua na upepo vikaingia kwa pamoja.

Akasimama kizingitini. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine, ya pili ndefu kuliko ya kwanza. Akageuza kichwa polepole, akalitazama jiko, akakitazama kitanda.

Alituachia pale pale mlangoni, tukaangukia tope kifudifudi, na sisi tukasikia miguu yake tu ikikimbia kurudi ndani. Ndivyo ilivyo Batini, hata mwisho tulijua kwa miguu.

Mheshimiwa Utulivu aliitisha kikao topeni, akiwa amelala juu ya wajumbe wawili. Alitoa hoja kwamba nchi imemwokoa Mama Nasri kwa utulivu wake wa jadi, na kwamba shukrani ziende kwa Bwana Mwororo na ukoo wake, ambao katika msukosuko wote hawakutikisika. Ilipita bila kupingwa. Bwana Staha aliuliza kama tope nalo likalishwe.

Bi Hadhari hakupiga kura. Alikuwa amebana sikio lake bapa kwenye ukuta uliopasuka, macho ameyafumba. Nikapiga magoti kando yake. Ndani ya nyumba palikuwa kimya, na kimya hicho kilikuwa kirefu kuliko sala zangu zote.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kwa mapafu yote mawili, kama mtu aliyekatizwa usingizi na mvua usoni. Mama yake akawa analia naye.

"Agizo la ukimya!" akapaza Spika kutoka topeni. "Kelele hiyo ni ya nani?"

"Ni yangu," akasema Bi Hadhari.

Nami nikasema amina, moja tu, fupi.